Usiishi Ughaibuni na Begi Lililofungwa



Ikifika Agosti, parokia za ukanda wetu huu, kuanzia Bunju na Mapinga mpaka Bagamoyo mjini, zinaanza kuaga. Misa ikiisha kijana anaitwa mbele, anaombewa, mama zetu wa WAWATA wanamvisha kitenge, mwenyekiti wa jumuiya anatoa neno. Anakwenda China kusoma. Siku hizi si ajabu tena kusikia kwamba mtaa fulani una mtoto Wuhan, mwingine Nanjing, mwingine Guangzhou, huyu udaktari, yule uhandisi.

Na neno linalotolewa huwa lilelile: usisahau kusali, usisahau ulikotoka. Zuri kabisa. Ila linamfundisha namna ya kuondoka tu. Namna ya kufika hakuna anayemfundisha, na mimi naona vijana wetu wengi wanaondoka vizuri sana halafu hawafiki.

Naomba tufungue Biblia, Yeremia sura ya 29. Ni barua. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza alibeba watu kutoka Yerusalemu kwenda Babeli: mfalme, wakuu, mafundi, wahunzi. Angalia orodha hiyo vizuri, ni watu wenye ujuzi. Walipofika kule wakakaa kama abiria stendi, mizigo magotini, wakisubiri kurudi. Na alikuwepo nabii mmoja, Hanania, yuko sura ya 28, aliyewaambia wenzake hekaluni kile ambacho kila mtu alitaka kusikia: miaka miwili tu, mambo yote yatarudi kama zamani. Watu walimpenda, bila shaka. Yeremia akaandika kinyume chake. Akawaambia wajenge nyumba na wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuolewa. Kisha likaja neno lililowachoma zaidi: utafuteni usitawi wa mji huo, uombeeni kwa Bwana, maana mji ukiwa na amani ndipo na ninyi mtakuwa na amani.

Yaani kumwombea Babeli! Mji uliokunyang'anya kwenu!

Sasa, China si Babeli, na mwanafunzi wetu hakubebwa kwa nguvu, alijaza fomu mwenyewe na akafurahi alipopata ufadhili. Ila moyo wa mtu aliye mbali unafanana popote. Kuna dada mmoja wa hapa Bagamoyo (jina lake nalihifadhi, na ameniruhusu kusimulia) aliyenitumia ujumbe wa sauti akiwa Guangzhou. Kule ilikuwa usiku wa manane, huku sisi tunamaliza kusali masifu ya jioni. Alikuwa mwaka wa kwanza, ule wa kujifunza Kichina kabla ya masomo yenyewe. Alisema, "Frateri, mimi huku sijaanza kuishi. Nasubiri tu miaka ipite." Akaeleza kwamba saa ya mkononi ameiacha kwenye majira ya Tanzania. Begi kubwa lenye unga na dagaa bado liko chini ya kitanda, halijafunguliwa lote, kwa sababu akilifungua ni kama amekubali kwamba anakaa. Marafiki zake wote ni Watanzania wa ghorofa moja. Kusali anasali, lakini kwa kusikiliza Misa ya nyumbani kwenye simu, mtandao ukikubali. Kanisani hajaenda tangu Oktoba. "Nitasali vizuri nikirudi," alisema.

Hapo nilimsikia Hanania. Nabii wa uongo wa siku hizi hana haja ya kukwambia Mungu hayupo. Anakwambia Mungu yupo, ila yuko Bagamoyo, mtaonana likizo.

Katika falsafa tulisumbuliwa sana na swali la mahali. Aristotle anasema mahali pa kitu ni ule mpaka wa kile kinachokizunguka, kama maji na mtungi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anamsoma huyohuyo Aristotle, lakini akifika kwa Mungu anageuza kibao: Mungu yumo katika kila kitu kwa sababu ndiye anayekipa kuwepo. Ukiwa na pumzi katika bweni la ghorofa ya kumi na mbili Guangzhou, basi Mungu alishafika huko kabla ya begi lako. Nikimaliza kusema hivyo najua wengine mtaniambia, "Frateri, hiyo ni ya darasani." Haya, twende kwa Ezekieli.

Ezekieli alikuwa mmoja wa waliohamishwa. Kitabu chake kinaanza na mwaka wa thelathini, na wafafanuzi wengi wanaona huo ndio umri wake. Kwa kijana wa ukoo wa kikuhani, huo ulikuwa umri wa kuanza utumishi hekaluni. Fikiria basi: umejiandaa maisha yako yote kwa ajili ya hekalu, na siku yenyewe inakukuta umekaa kando ya mto Kebari, nchi ya wageni, hekalu liko mamia ya kilomita. Ndipo anauona utukufu wa Mungu. Na kiti kile cha enzi kina magurudumu. Mimi huwa natabasamu nikifika hapo. Wao walidhani Mungu amefungiwa Yerusalemu, kumbe kiti chake kinatembea, na kimewafuata wale waliojiona wametupwa.

Kuhusu kuupenda mji unaokuumiza, sitaki tudanganyane. Aprili 2020, pale Guangzhou, Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizopanga na hotelini kwa hofu ya korona, wengine wakalala nje. Mwanafunzi anayetazamwa vibaya kwenye treni hana haja ya mimi kumwambia kwamba watu wote ni wazuri. Yeremia naye hakusema Wababeli ni wazuri. Alisema mmeshikamana nao, basi. Miezi michache kabla, tarehe 23 Januari 2020, Wuhan ilifungwa. Watanzania waliokuwa wakisoma kule, mamia, walibaki ndani ya mabweni mpaka mji ulipofunguliwa tarehe 8 Aprili. Wazazi huku walikesha na rozari. Katika majuma yale ilikuwa haiwezekani kuomba "Bwana, mponye mwanangu" bila kuomba Wuhan ipone. Mgonjwa wa Kichina wa mtaa wa pili na mtoto wa Mtanzania walikuwa katika sala moja, ukitaka usitake. Ile aya ya saba haikuwa nadharia tena.

Anayekaa Bagamoyo ana mifano karibu. Nenda pale misheni, kwenye makaburi ya wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliovuka kutoka Zanzibar mwaka 1868. Wengi walikufa vijana, malaria haikuwaonea huruma. Waliobaki hai walijifunza lugha. Padre Charles Sacleux alikusanya maneno ya watu wa pwani hii kwa miaka na miaka, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ilipotoka kuanzia mwaka 1939, ilikuwa hazina ambayo wataalamu wa lugha bado wanaichota. Huwezi kukusanya maneno ya watu ambao hukai nao barazani. Upande wa pili wa bahari, Padre Matteo Ricci, Mjesuiti, aliingia China akajifunza Kichina mpaka akaandika kitabu kwa lugha hiyo, na unajua alichagua kuandika juu ya nini? Urafiki. Alifia Beijing mwaka 1610 na mfalme akatoa ardhi azikwe palepale.

Kwa hiyo, wewe unayelalamika kwamba Kichina kina herufi nyingi mno: ni kweli, ni nyingi. Jifunze. Hiyo nayo ni kazi ya upendo, na usiifanye kwa ajili ya mtihani peke yake.

Halafu kanisani nenda. Taratibu za China zinawataka wageni wasali katika nyumba za ibada zilizosajiliwa, kwa hiyo msijifanyie mikusanyiko bwenini mkaingia matatani. Ulizeni wakubwa waliotangulia. Guangzhou kuna kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, limejengwa kwa mawe matupu, limekamilika 1888, na Jumapili kuna Misa ya Kiingereza ambako Waafrika ni wengi. Lakini nilimwambia yule dada aende siku moja na ile ya Kichina. Akaenda. Akanieleza kwamba hakuelewa hata neno la mahubiri, ila kila mara alijua wako wapi: sasa ni Injili, sasa ni mageuzo, sasa ni Baba Yetu. Bibi mmoja jirani yake alimshika mkono wakati wa kupeana amani na hakuuachia haraka. Begi sijui kama amelifungua, sikuuliza.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita pwani hii yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1542, meli yake ilitia nanga Malindi ikielekea India. Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Desemba 1552, alifia kisiwa cha Shangchuan akiitazama China ng'ambo, hajaruhusiwa kuingia. Ruhusa aliyoikosa yeye wewe unayo, imegongwa muhuri ndani ya pasipoti yako.

Na ninyi mliobaki nyumbani. China iko saa tano mbele yetu. Jumuiya ikisali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kule ni saa tano, ameshaamka na mara nyingi hana kipindi. Mpigieni. Msianze na habari za simu atakazowaletea. Muulizeni anasali kanisa gani, jirani yake wa chumba anaitwa nani, na kama kuna mgonjwa huko wa kuombewa. Kisha mwombeeni huyo kwa jina lake, hata kama matamshi yatawashinda.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, utuombee.