Amana ya Mtuhumiwa

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake (S.A.W.), huulizwa: mtu aliyekimbilia hifadhi, kisha akatuhumiwa jambo kubwa, yajuzu kumkabidhi kwa mwenye kujulikana kuwa hutesa, ikiwa ametoa ahadi ya kutomtesa?

Mas-ala haya yalitokea Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Tarehe 18 Desemba 2001 serikali iliwakatalia hifadhi Wamisri wawili, Ahmed Agiza na Mohammed Alzery, kwa taarifa za siri za polisi wa usalama, wala hawakupata nafasi ya kukata rufaa. Usiku ule ule, katika uwanja wa ndege wa Bromma, walikabidhiwa Wamarekani walioficha nyuso zao, wakakatwa nguo walizovaa, wakafunikwa vichwa na kutiwa minyororo, wakapelekwa Cairo. Misri ilikuwa imeahidi kwamba hawatadhuriwa. Wote wawili walieleza baadaye kuwa waliteswa. Balozi wa Sweden alikwenda kuwaona baada ya wiki tano.

Atasema msemaji: hao walishukiwa ugaidi, na Agiza alikwisha hukumiwa Misri mwaka 1999. Jawabu ni kwamba kuua wasio na hatia ni haramu, na mwenye kuthibitikiwa huadhibiwa. Lakini tuhuma si thubutu, na hukumu hiyo ya mahakama ya kijeshi ilitolewa naye hayupo, hoja yake haijasikilizwa. Alzery aliachiwa mwaka 2003 bila ya kushitakiwa kwa lolote.

Mafakihi wamesema kuwa mwenye kuwekewa amana, akiitia mikononi mwa mtu mashuhuri kwa khiana bila ya idhini ya mwenyewe, ikaharibika, hulipa. Wala hasikilizwi akidai kuwa aliahidiwa. Ikiwa hivi ndivyo katika gunia la karafuu, itakuwaje katika mwili wa mwanadamu? Na msomaji anayeishi nchi ya watu kwa kibali anaujua uzito wa hifadhi.

Tena, mateso hayatoi ushahidi. Aliyelazimishwa kutamka neno la kufuru, na moyo wake umetua juu ya imani, hakuhesabiwa dhambi, kama ilivyo katika Suratun Nahl, aya ya 106. Basi vipi ihesabiwe ikirari ya aliyeungama kwa kupigwa? Imamu Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima mwenyewe alifungwa na Al-Hajjaj huko Iraq, asitoke ila alipokufa mtawala huyo mwaka 95 Hijria. Kwa dola ile, naye alikuwa mtu wa kuogopwa.

Mwaka 2005 Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso iliamua kuwa Sweden ilikosea kumtoa Agiza, kwani ahadi ile haikuwa na njia ya kuitekelezesha. Mwaka 2008 Sweden ilikubali kumlipa kila mmoja krona milioni 3. Siku hizo Agiza alikuwa angali gerezani Misri. Alitoka mwaka 2011.