Aliye Juu ya Mto na Aliye Chini

Sisi tukaao mlimani Kilimanjaro hupenda kusema, "Mfongo huu ni wetu." Nasi twasema kweli. Babu zetu waliichimba mifereji hiyo kwa mikono, wakayashika maji mbali katika mabonde yenye kina, wakayaongoza polepole kando ya miteremko mpaka yakafika mgongoni mwa nchi, kwenye vihamba vyetu. Wageni waliofika hapa katika karne ya 19 waliistaajabia sana kazi hiyo. Lakini neno hili "wetu" limenisumbua miaka michache sasa, nami nataka kuuliza pamoja nanyi: mwisho wake ni wapi?

Hapo kale hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwamba mfongo ni wake peke yake. Ulikuwa na mkubwa wake, naye ndiye aliyegawa zamu. Siku ya kuuzibua na kuutengeneza ilipotangazwa, asiyefika alitozwa faini, mara nyingi ya pombe. Usiku maji yalikusanywa katika vibwawa, ili asubuhi yawe mengi ya kutosha kufika hata kwa yule wa mwisho. Basi aliyekuwa juu hakupewa maji kwa sababu yu juu. Alipewa kwa sababu zamu yake imefika.

Mimi mwenyewe nimeivunja desturi hiyo. Mwaka mmoja wa ukame migomba yetu ilianza kulegea, na zamu yangu ilikuwa bado siku tatu. Nikaondoka usiku na jembe, nikafungua maji. Asubuhi akaja mama mmoja mjane, ambaye shamba lake liko chini kabisa, akaniuliza, "Mchungaji, je, mfongo umebomoka huko juu?" Nikamwambia kwamba nitakwenda kuutazama. Sikusema uwongo, walakini sikusema kweli. Siku nne nilikaa na jambo hilo, hata nikashindwa kuandaa mahubiri. Ndipo nikashuka kwake, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema, "Nilijua. Sasa zamu yangu ni lini?" Nikampa yangu.

Tangu siku hiyo nimefikiri: mama huyu aliweza kuja mlangoni pangu kwa sababu anapajua. Je, na yule asiyepajua? Maana maji yetu hayaishi kwa mjane yule. Yashuka katika Kikafu na Weruweru, yaingia Kikuletwa, yafika bwawa la Nyumba ya Mungu pamoja na yale ya mto Ruvu. Kisha mto Pangani wayachukua kupita Korogwe mpaka baharini. Huko njiani pana mitambo ya umeme: penye bwawa lenyewe megawati 8, Hale, tangu mwaka 1964, megawati 21, na maporomoko ya Pangani, megawati 68, mtambo uliojengwa upya mwaka 1995. Umeme huo huingia katika nyaya kuu za nchi, nao huja hata huku kwetu. Taa iliyoniangazia nilipoandika maneno haya yaweza kuwa imewashwa na maji ambayo jirani fulani aliyaacha yapite.

Najua wazee wengi hawapendi kusikia habari hizi. Sheria ya mwaka 1974 ilitangaza kwamba maji yote ya nchi ni mali ya Jamhuri. Mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya kuliangalia bonde la Pangani, na baadaye wenye mifereji wakaambiwa waombe haki ya maji na kulipa ada. Wakauliza, "Tulipeje maji tuliyochimbiwa na babu zetu?" Hasira yao haikuwa ya bure. Mara nyingi mkulima mdogo ndiye aliyeitwa mharibifu wa maji, na wenye mashamba makubwa huko tambarare waliitwa waendelezaji wa nchi, ijapokuwa kiu ya miwa si ndogo. Lakini hoja ya kwamba tulitangulia haitoshi. Wachunga ng'ombe na wavuvi wa huko chini nao wana babu zao.

Wengine hujibu hivi: umeme ni wa watu wa mjini, chakula ni cha wote, basi shamba litangulie. Hapa yatupasa kutazama jinsi kila kazi inavyotumia maji. Gurudumu la mtambo haliyanywi maji. Lageuzwa nayo, kisha yaenda zake. Yale yaliyofanya kazi Hale hufanya kazi tena Pangani. Mgomba huyanywa, nayo hayarudi. Basi mwenye mtambo hataki kuyala maji, ila ataka yafike kwake, tena yafike kwa wakati wake. Ni ombi jepesi kuliko tulivyodhani.

Walakini yeye naye asijione kuwa maskini wa mwisho wa mfongo. Chini ya Nyumba ya Mungu kuna nchi ya mabwawa ya Kirua, ambako zamani mafuriko yalileta samaki na majani ya malisho. Bwawa lilipoyashika mafuriko hayo, nchi ile ilipungukiwa. Kumbe aliye chini yangu yu juu ya mwingine! Na jambo hili si la Pangani tu. Bwawa kubwa la mto Rufiji lilianza kutoa umeme mwaka 2024, nalo limejengwa kwa megawati 2,115. Wakulima wa Kilombero wako juu yake, na wa delta wako chini.

Tena huko juu yetu sisi kuna nani? Wengi hudhani maji yetu ni theluji iliyoyeyuka. Barafu ya kilele ilipungua zaidi ya sehemu 80 katika 100 kati ya mwaka 1912 na 2007, lakini wataalamu waliopima wameona kwamba sehemu kubwa sana ya maji hutoka katika msitu, unaonasa mvua na ukungu. Basi akataye mti msituni ili apate kuni amefungua mfongo usiku, kama mimi, ila yeye hana mjane atakayemwuliza asubuhi.

Katika mtaa wetu wazee wa mfongo wamekutana mara mbili mwaka huu. Mfongo wavuja sana mahali pawili, na vijana wataka tuujenge kwa saruji hapo, ili maji tusiyoyahitaji yabaki mtoni na kushuka. Mzee mmoja akakataa. Alisema kwamba maji yanayovuja hayapotei, bali hutokea tena katika chemchemi ya bondeni, ambako watu wa chini huteka maji ya kunywa; tukiziba, tutawanyima hao ili kuwapa wengine. Vijana walicheka, lakini mimi naona aweza kuwa na haki. Tumepatana kuipima chemchemi ile kwa debe kila Jumamosi, wakati mfongo una maji na wakati umefungwa, mpaka kiangazi kiishe. Fedha za saruji zimewekwa kwa mtunza hazina.