Chasisi na Bodi

Makanyagio ni jina la kata mjini Mpanda. Ni jina pia la yale yakanyagwayo na mguu wa dereva. Basi jina peke yake halitambulishi kitu. Tangu 1946 Rolls-Royce iliuza Silver Wraith ikiwa chasisi na injini tu. Bodi iliundwa na wengine, kama Hooper, walioacha kazi hiyo mwaka 1959. Gari lenyewe ni lipi? Namba ya chasisi hutaja asili. Bodi hutaja mikono ya fundi. Ahamishaye namba kutoka gari moja hadi jingine huiba nasaba. Binadamu naye ni hivyo: ahukumiwaye kwa ukoo tu hudhulumiwa kazi yake, ahukumiwaye kwa sura tu hudhulumiwa asili yake. Haki hutazama vyote viwili.