Kwaki Haijawahi Kuonekana Peke Yake

Leo nawapeleka maabara, mnivumilie kidogo.

Ndani ya protoni kuna chembe zinaitwa kwaki. Hakuna aliyewahi kuinasa moja peke yake. Ukiigonga itoke, nguvu inayoifunga inazaa chembe nyingine, na unachopata ni jeti, yaani kundi la chembe zinazoruka pamoja upande mmoja. Sasa utapimaje spini yake, huo mzunguko wake wa asili (ambao, kusema kweli, si kuzunguka kama pia)?

Mwaka 1975, kule SLAC, California, Gail Hanson na wenzake walichunguza migongano ya elektroni na pozitroni kwenye mashine ya SPEAR. Nadharia ilisema hivi: kama spini ya kwaki ni nusu, jeti zinazofuata njia ya miali zitakuwa maradufu ya zile zinazotoka kwa pembe mraba. Kama ni sifuri, kwenye njia ya miali hazitoki kabisa. Jibu likaja: nusu. Lakini kwa nishati ile, mgongano mmoja mmoja haukuonyesha hata jeti zenyewe waziwazi. Ilibidi kujumlisha migongano mingi sana. Mmoja, hata uupime vizuri namna gani, haukwambii spini.

Hapo ndipo paliponishika. Kiongozi wetu wa kwaya alionekana baa usiku mmoja, picha ikazunguka WhatsApp, na kabla ya Jumapili watu walishajua moyo wake ulivyo. Nikauliza, tumejuaje? Mwenzangu akanijibu kwamba Injili yenyewe inatutuma tuangalie matunda. Sawa, ila ni matunda, kwa wingi. Sisi tuna picha moja.

Basi mwizi naye tumsubiri aibe mara mia? Hapana. Mkono unaoiba unazuiwa leo leo, na kuuzuia hakuhitaji kuujua moyo. Kusema "huyu ndivyo alivyo" ni jambo jingine kabisa.

Tena kwaki ina nafuu: spini yake ni nusu leo, kesho na siku zote. Binadamu anaungama, anabadilika, na hesabu uliyokusanya miaka kumi inaweza kuwa ya mtu ambaye hayupo tena.

Kikao ni Jumamosi. Nitayasema haya haya, ingawa najua wengine wameshapiga kura moyoni.