Aliyepewa Mvua Anadaiwa Zaidi

Ndugu zangu katika imani, husemwa vyuoni kwamba mataifa fulani yalitangulia kwa kuwa watu wake wana akili kuliko wengine. Mimi nakataa. Yapata miaka 10,000 iliyopita, wakazi wa Shamu na Iraki walianza kulima ngano na shayiri kwa sababu zilikuwa zikiota porini kwao. Mbegu hizo zilienea mashariki na magharibi, kwenye majira yanayofanana. Zilipoelekea kusini zilikuta jangwa, kisha mvua za wakati wa joto zisizozifaa. Ng'ombe nao walikuta mbung'o. Huku Afrika, watu walijilimia mtama wao.

Basi aliyezaliwa penye rutuba ana sifa gani? Fiqhi ya zaka inajibu: mazao ya mvua hutolewa sehemu 1 kwa 10; yaliyomwagiliwa kwa taabu, 1 kwa 20. Neema isiyo na jasho letu haituongezei heshima, inatuongezea deni.

Nasi tuliozaliwa karibu na shule tulinyeshewa mvua hiyo. Kumfundisha aliyeikosa ni kulipa tunachodaiwa, si kumfanyia hisani.

Wabillahi tawfiq.