Zamu ya Eksirei Siku ya Shambulio

Mashine ya eksirei hupokea mtu mmoja kwa zamu. Shambulio la kigaidi huigeuza zamu hiyo kuwa swali la haki, na mpiga picha hulazimika kulijibu akiwa mlangoni.

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwa kupishana dakika chache kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi zaidi ya 200, na majeruhi wakawa maelfu. Majeruhi wengi wa Nairobi walikuwa wamekimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza, kisha bomu lilipolipuka vioo vikawakata nyuso na macho. Kioo kilichozama mwilini kwa kawaida huonekana kwenye eksirei, kwa hiyo karibu kila majeruhi ana sababu ya kupigwa picha.

Majeruhi wakizidi uwezo wa hospitali, hutangulia yule ambaye picha itabadilisha tiba yake. Anayevuja damu tumboni hupimwa kwa ultrasaundi palepale kitandani. Aliyevunjika mkono husubiri. Anayekata roho huenda asipigwe picha kabisa. Anayepima tendo kwa matokeo yake huona hesabu imekaa sawa. Anayemfuata mwanafalsafa Kant atauliza kama huyo wa mwisho hakugeuzwa daraja la wenzake. Hakugeuzwa, mradi apewe dawa ya maumivu na mtu wa kukaa naye: alichonyimwa ni picha isiyomfaa.

Na gaidi aliyejeruhiwa? Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, aliwapanga majeruhi kwa uzito wa jeraha bila kujali cheo wala taifa. Huko Rungwe, kusini mwa Tanzania, ambako Wamoravian walifungua misheni mwaka 1891, wengi watautaja mfano wa Msamaria mwema. Lakini mfano huo unamhusu aliyeporwa, si mporaji. Hoja yenye nguvu zaidi ya kutomnyima gaidi zamu yake ni kwamba mpiga picha si hakimu, na katika vumbi na damu hakuna anayejua kwa hakika nani ni nani.

Hospitali za Makandana na Igogwe, hukohuko Rungwe, ziko kwenye milima ya ukungu, na kutoka Tukuyu, mji wa wilaya hiyo, hadi Mbeya ni kama kilomita 70. Basi likipinduka kwenye barabara ya Kasumulu, swali ni lilelile. Kwa hiyo maandalizi huanza na mambo madogo: majeruhi asiyejulikana hupewa namba, na namba hiyohiyo huandikwa kwenye picha yake; anayepanga zamu huteuliwa mapema, naye asiwe yule anayeendesha mashine.