Deni la Jibu

Kiswahili kina ujanja wake. Ukisema "wananchi walishiriki," wananchi ndio watendaji. Ukisema "wananchi walishirikishwa," mtendaji kajificha nyuma ya kitenzi: yuko aliyewaita, aliyechagua siku, aliyepanga viti, na ndiye huyo huyo atakayetangaza kwamba kazi imekamilika. Taarifa nyingi za mazingira zinazotufikia hapa Likasi, nchini Kongo, zikiwa zimeandikwa kwa Kifaransa na kuelezwa kwa mdomo, husimulia tendo la pili na kudai sifa za la kwanza.

Mji wetu umezoea kuamuliwa na walio mbali. Kilomita 20 hivi kutoka hapa upo mgodi wa Shinkolobwe. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini ya urani kutoka shimo hilo. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, na 1945 Hiroshima ikateketea. Hakuna mchimbaji aliyeulizwa, na tusijidanganye: wakati ule hata swali lenyewe halikuwapo. Wazo kwamba mkazi wa kawaida ana neno katika mambo ya mataifa ni changa kuliko bomu.

Mwaka 1992 Kanuni ya 10 ya Tamko la Rio ilisema mambo ya mazingira hushughulikiwa vyema zaidi raia wanaohusika wakishiriki. Mwaka 1998 Mkataba wa Aarhus uliligeuza tamko hilo kuwa haki: kupata habari, kushiriki katika uamuzi, kufika mahakamani. Tena ukazitaka nchi wanachama zizibebe kanuni hizo hadi kwenye vikao vya kimataifa, na mwaka 2005, huko Almaty, zikaandikiwa mwongozo wa kufanya hivyo. Mwongozo, si amri. Dola inayofungua mlango nyumbani kwake husita ikifika kwenye kikao cha wengi. Husema: hapa si kwangu peke yangu. Ni hoja ya adabu kabisa. Tatizo ni kwamba kila mgeni anaitoa, na mlango wa wote unabaki bila mfunguaji.

Nchi yetu haimo katika mkataba huo. Guinea-Bissau, iliyojiunga mwaka 2023, ndiyo iliyotangulia barani Afrika. Kwenye mkataba wa mabadiliko ya tabianchi tumo, na huko asasi huweza kupokelewa isipokuwa theluthi moja ya nchi zilizohudhuria zikipinga. Hupokelewa kama "mwangalizi." Neno hilo nalo linastahili kutazamwa. Mwangalizi mpirani hulipa kiingilio na ana ruhusa ya kupiga kelele. Oktoba 2022 mawaziri walikutana Kinshasa kujiandaa kwa mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, na watu wakasema dunia imekuja kwetu. Labda. Kutoka Likasi, Kinshasa ni nauli ya ndege.

Wanadiplomasia wana pingamizi moja ambalo watetezi wa raia hupenda kulikwepa: nani amekuchagua? Waziri, hata akiwa wa hovyo, ana serikali inayoweza kuulizwa. Asasi yenye ofisi Lubumbashi na mfadhili Ulaya haijapigiwa kura na mama anayeishi Panda hapa mjini. Ikisema "sisi jamii," inaazima sauti isiyo yake. Pingamizi hili ni zito, nami silioni likijibiwa kwa kuongeza viti.

Lakini linasimama juu ya dhana kwamba kushiriki maana yake ni kugawana uamuzi, kama watu wanaogawana bukari, ugali wetu. Kama ni hivyo, kweli tuhesabu kwanza nani ana haki ya kunyoosha mkono sahanini. Mimi naona kushiriki kwa aina nyingine: swali linaloacha deni. Anayeamua abaki na uamuzi wake, ila awe na wajibu wa kumjibu aliyeuliza, kwa lugha yake, na jibu liandikwe. Kwa hilo huhitaji kuchaguliwa na mtu. Anayekunywa maji ya mto haulizwi hati ya uwakilishi. Kamati ya Aarhus ya kufuatilia utekelezaji hupokea malalamiko hata ya mtu mmoja asiye na cheo, na kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko maelfu ya vitambulisho vya kuning'iniza shingoni.

Januari 2004 amri ya rais iliifunga Shinkolobwe. Julai mwaka huo shimo likaporomoka na kuua watu, maana uchimbaji haukuwa umekoma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaja, wakapima mionzi, wakaandika ripoti. Kazi ya maana, sina la kuibeza. Nauliza tu jibu lilikuwa la nani: la aliyetuma wapimaji, au la aliyekuwa akilala karibu na shimo?

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kushirikisha wananchi, cha kampuni moja ya madini, chini ya turubai. Tulisaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda. Mama mmoja akasimama, akauliza: masika yakijaza bwawa lenu la mabaki, maji ya ziada yanatokea upande gani? Aliyeongoza kikao akamshukuru sana. Baadaye niliuona muhtasari. Swali la mama limeandikwa hivi: "Wananchi walitoa maoni mbalimbali."